Nimetoka Melbourne nimehamia Parramatta: hii raga ya watu 13 mnaipendea nini hasa?

MamaZuhura:

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnipokee na mnivumilie, maana swali langu lina uchokozi kidogo ndani yake.

Tangu nifike nchi hii nimeishi Footscray, na Melbourne ilinifundisha mpira mmoja tu: AFL, ligi ya mpira wa Kiaustralia. Nashabikia Collingwood. Ndiyo, najua tunavyochukiwa, msihangaike kunikumbusha. Mwaka 2023 tulipoishinda Brisbane Lions kwa pointi nne kwenye fainali kuu nililia mbele ya mama mkwe na sikuona haya. Sasa kazi ya mume wangu imetuleta Parramatta, Sydney, na huku nimekuta taifa lingine kabisa. Jumatatu ofisini hakuna anayejua Collingwood walicheza na nani. Nikisema wikendi niliangalia mpira wananiuliza kama ni Eels wa Parramatta au Panthers wa Penrith.

Nimejaribu kuiangalia hiyo NRL, ligi yao ya raga ya watu 13. Nisemeje bila kuwaudhi? Mtu anapewa mpira, anakimbia moja kwa moja kwenye ukuta wa watu watatu, anaangushwa, anainuka, anausukuma mpira nyuma kwa mguu, na mwenzake anakwenda kufanya vilevile. Mara tano. Kisha wanapiga teke, wapinzani wanauchukua, nao wanaanza palepale. Kwenye AFL mpira unapaa, mtu anapanda mgongoni kwa mwenzake kuudaka, uwanja mkubwa, magoli yanaingia, hakuna kulala. Huku naona watu wanagongana kwa zamu.

Kwa hiyo nisaidieni. Nitazame nini ili nami nione hiyo raha? Na je, ni kweli kama wanavyosema Melbourne kwamba AFL inaimeza hii ligi polepole? Halafu kuna jambo linaloninyima usingizi: binti yangu wa miaka tisa anataka kucheza "wanachocheza wenzangu shuleni". Mnaoishi huku mnasemaje?

MzeeWaParra:

Karibu Parramatta, Mama Zuhura. Uchokozi wako nimeupokea kwa moyo mweupe, maana mke wangu huniambia hayohayo kila Ijumaa usiku, tena yeye huongeza chumvi.

Mimi ni dereva wa basi huku magharibi mwa Sydney na Eels ndio wangu. Siku ya mechi sihitaji redio kujua matokeo. Basi likijaa jezi za bluu na dhahabu na hakuna anayesema neno, nimeshajua. Wakipanda wanaimba mpaka nahofia vioo, nimeshajua pia. Mengine nayaona mwenyewe uwanjani, zamu zikiniruhusu.

Tuanze na macho yako. Mwache mwenye mpira, watazame wanaokaba. Mtu akishaangushwa, walinzi wote wanatakiwa warudi nyuma mita 10, isipokuwa wawili wanaoruhusiwa kusimama mbele yake. Mchezo wote umejificha hapo. Aliyeanguka akiinuka upesi, walinzi wanakuwa bado wanarudi kinyumenyume, na anayepokea mpira anawavamia kabla hawajasimama sawasawa. Akicheleweshwa chini sekunde moja ya ziada, ukuta umekwisha kukaa. Yale magongano matatu ya mwanzo yaliyokuchosha ndiyo kazi ya kuuvuruga huo ukuta. Kufika la nne utamwona namba 7, mpanga mashambulizi, anaanza kunyoosha mkono na kufoka, watu wanakimbia pande zote, wengine wanakimbia kudanganya tu, na ukiwa umekaa juu kidogo uwanjani unaliona pengo linafunguka kabla hata mwenye mpira hajaliona. Kwenye televisheni hulioni kwa sababu kamera imemng'ang'ania mwenye mpira. Nenda uwanjani. Ule wa Parramatta umefunguliwa 2019, unachukua watu 30,000, na viti vimeinuka hasa. Usikae chini karibu na mstari kwa tamaa ya kuwaona wachezaji sura.

Na wewe uliyelelewa na mateke, litafute teke la 40/20. Mtu yuko ndani ya mita 40 za upande wake, anapiga, mpira unadunda uwanjani kisha unatoka pembeni ndani ya mita 20 za wapinzani. Akifanikiwa, timu yake inarudishiwa mpira kulekule na inaanza kuhesabu upya zile nafasi zake sita za kuangushwa. Mitchell Moses wetu akilipiga hilo, watu wazima wanakumbatiana na wasiowajua.

Kinachoniudhi mimi ni mieleka. Kumwangusha mtu ni haki, lakini watatu kumlalia na kumgeuzageuza kama chapati ili asiinuke, hiyo inaua mchezo. Huku wengi wanawalaumu Melbourne Storm, waliomleta mwalimu wa mieleka mazoezini halafu kila mtu akaiga. Mwaka 2020 walileta sheria kwamba ukimchelewesha aliyeanguka, timu yake inaanza kuhesabu sita upya. Ilisaidia. Sasa tatizo ni waamuzi, mmoja anaita, mwingine analala.

Kuhusu kwa nini tunaupenda, mimi nina sababu yangu na sijui kama itakufaa. Huu mchezo ulizaliwa kwa sababu ya mshahara. Agosti 1895 klabu za Yorkshire na Lancashire zilikutana kwenye hoteli ya George, Huddersfield, zikajitoa kwenye chama cha raga cha Uingereza. Wachezaji wao walikuwa wachimba makaa ya mawe na watu wa viwandani. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi, ukienda kucheza unakatwa ujira. Klabu zilitaka kuwafidia ujira huo, wakubwa wa chama wakagoma, eti mchezo wa waungwana haulipwi. Rahisi kusema ukiwa na shamba la baba. Sydney ikafuata 1907 kwa kilio kilekile: viingilio vinakusanywa, mchezaji anavunjika, anakosa kazi, na gharama za matibabu ni zake. Dally Messenger, nyota mkubwa kuliko wote wakati huo, akavuka upande wa pili, na 1908 ligi ikaanza, South Sydney wakawa mabingwa wa kwanza. Hata kupunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13, jambo walilolifanya kule kaskazini ya Uingereza mwaka 1906, lilikuwa jambo la kibiashara: uwanja uwe na nafasi, trai zije, yaani mpira uguswe chini nyuma ya mstari wa wapinzani, mtu aliyelipa kiingilio aridhike. Mimi ninayelipwa kwa saa hadithi hiyo inaniingia.

Eels waliingia ligi 1947 na hawakuonja ubingwa mpaka 1981. Usiku ule mashabiki walifurahi hadi wakachoma moto jukwaa la uwanja wao wenyewe, Cumberland Oval. Nakuapia. Timu ikabaki haina nyumba miaka kadhaa, inacheza kwa watu Belmore, na bado ikachukua 1982 na 1983. Halafu 1986, fainali kuu dhidi ya Canterbury, 4 kwa 2. Umesoma vizuri. Hakuna trai hata moja, penalti tu, na ndiyo ilikuwa siku ya kuwaaga Ray Price na Mick Cronin. Tangu siku hiyo, hakuna. 2001 tuliongoza msimu mzima, Newcastle wakatutandika fainali. 2009 tukafungwa na Storm, mwaka uliofuata ikagundulika walikuwa na vitabu viwili vya mishahara ili kukwepa kikomo cha ligi, wakavuliwa ubingwa, na ubingwa wenyewe hakupewa mtu. 2022 tuliingiza fainali mbili siku moja, wanawake na wanaume, uwanja uleule. Wanawake wakapigwa na Newcastle, wanaume wakapigwa na Penrith. Siku hiyo nilikuwa na zamu, na nashukuru.

Penrith ni majirani, wako magharibi yetu kidogo tu, na wamechukua mara nne mfululizo, 2021 hadi 2024. Nikiwaambia abiria wa Penrith kuhusu Sterling na Kenny, nyota wetu wa miaka ile ya 1980, wananijibu: mla mla leo, mla jana kala nini? Wanajibu kwa Kiingereza chao, lakini maana ndiyo hiyo.

Sasa la kumezwa na AFL. Hapana, na sababu si kwamba sisi tuna akili. AFL wana akili kuliko sisi, nakiri bila kulazimishwa. Adui wa ligi yetu ni ligi yenyewe. Mwaka 1995 ikaja vita ya Super League, ligi pinzani: matajiri wa vyombo vya habari, Murdoch upande mmoja, Packer upande mwingine, wote wanagombea televisheni ya kulipia, wachezaji wanasainishwa usiku kwa hela ambazo hawakuwahi kuziota. 1997 tukawa na ligi mbili na mabingwa wawili. Walipopatana, klabu zikawa 20, na ikaamuliwa zibaki 14. Perth ikafungwa. Adelaide ikafungwa. Gold Coast ikafungwa. Balmain na Western Suburbs wakaozeshwa kwa nguvu ya njaa. North Sydney, waliokuwepo tangu 1908, wakaunganishwa na Manly wasiopendana nao, ndoa ikavunjika, na wao ndio waliopotea. South Sydney, mabingwa wale wa kwanza, wakatolewa kabisa kwa misimu ya 2000 na 2001. Watu wakaandamana maelfu kwa maelfu katikati ya jiji, klabu ikaenda mahakamani, ikarudi 2002, na 2014 ikachukua ubingwa, Sam Burgess akicheza fainali nzima na mfupa wa shavu umevunjika tangu mgongano wa kwanza.

Na sasa je? 2027 tunarudi Perth, tena kwa jina la Bears, jina la walewale North Sydney. Karibu miaka 30 ya kuzunguka ili ufike ulipokuwa. AFL wakati huo walikuwa wanapanda mbegu na kusubiri.

Namba11_Kushoto:

Mzee wa Parra, heshima yako, lakini hapo kwa waungwana umetuonea. Raga ya 15 ililegeza kamba 1995, watu wanalipwa mchana kweupe, hiyo hadithi ya shamba la baba imepitwa na wakati.

Mama Zuhura, mimi nilikulia Nairobi na raga ya wachezaji saba, kwa hiyo nilipofika hapa Brisbane nilikwenda moja kwa moja kwenye raga ya 15, kwa Wallabies, timu ya taifa, na Reds, timu ya Queensland. Ninachokosa kwenye huu mchezo wa 13 ni kugombania mpira. Ukiangushwa unabaki na mpira wako, unarudishiwa kama zawadi. Skramu zao ni maonyesho, wanainama tu kwa adabu halafu wanainuka, hakuna anayesukuma. Kwenye 15 kila mpira ulioanguka una vita yake. Na usisahau dunia: Julai 2025 Lions wa Uingereza na Ireland walipocheza na Wallabies pale MCG, uwanja mkubwa wa Melbourne, nyumbani kwenu kabisa, waliingia zaidi ya watu 90,000, na tulifungwa dakika ya mwisho 29 kwa 26. Kombe la Dunia la wanaume linakuja hapa 2027. Eels watakwenda kucheza kombe gani la dunia?

Pia mjue kwamba Joseph Suaalii aliwakimbia Roosters wa NRL akaja kwetu, na mechi yake ya kwanza ya kimataifa ilikuwa Twickenham, tukaishinda England 42 kwa 37.

MzeeWaParra:

Namba 11, mdogo wangu, Suaalii mlimnunua. Zaidi ya dola milioni moja na nusu kwa mwaka kwa kijana ambaye hajakomaa, wakati raga yenu ya watoto inalia njaa. Miaka ya 2000 mlifanya hivyohivyo na Wendell Sailor, Mat Rogers na Lote Tuqiri. Kila mkikwama mnakuja dukani kwetu. Mlitoka Kombe la Dunia 2023 hatua ya makundi, mara ya kwanza katika historia yenu, na jibu lenu likawa kununua mchezaji wa ligi.

Skramu hapo nakuachia. Zetu ni aibu, sina utetezi.

Kuhusu kombe la dunia la kwetu: 2022 Samoa walifika fainali Old Trafford. Nchi ya visiwa yenye watu laki mbili na kitu. Karibu nusu ya wachezaji wa NRL wana asili ya Pasifiki, na tangu Jason Taumalolo aiache New Zealand akachezee Tonga mwaka 2017, wakaipiga New Zealand hiyohiyo 28 kwa 22, wachezaji wakubwa wameanza kuchagua bendera za wazazi wao. Siku Tonga wanapocheza, huku Merrylands na Mount Druitt magari yote yana bendera nyekundu, na basi langu linachelewa, na sipigi honi.

MamaZuhura:

Asante Mzee wa Parra, la mita 10 limenifungua macho. Jana nilirudia mechi nzima nikitazama walinzi peke yao. Nakubali kuna hesabu pale. Bado nasema mpira unakaa chini mno.

Ila umetusifu AFL haraka mno, nasi tuna makaburi yetu. South Melbourne walihamishiwa Sydney 1982 mashabiki wao wakilia, wakawa Swans. Fitzroy waliuawa 1996 na mabaki yao kupelekwa Brisbane. Nina jirani Footscray, bibi wa Kigiriki, mpaka leo hatamki jina la Brisbane Lions. Kwa hiyo nanyi msijione yatima peke yenu.

Lakini ona matokeo. Swans wamechukua 2005 na 2012. Lions wamechukua 2001, 2002, 2003, kisha 2024 na 2025. Brisbane ni mji wenu wa raga huo! Tuna uwanja wa MCG unaoingiza watu laki moja hivi kwenye fainali kuu karibu kila mwaka. Tuna mkataba wa televisheni wa dola bilioni 4.5 kwa miaka saba hadi 2031. Na tuna utaratibu wa kuwapa timu dhaifu nafasi ya kwanza ya kuchagua vijana bora, kwa hiyo hakuna anayekaa mkiani milele. Labda Eels mngeazima huo utaratibu.

MzeeWaParra:

Hilo la mwisho limeuma, na ulikusudia liume.

Kwanza laki moja. Mwaka 1999 fainali yetu kuu pale Homebush, Sydney, iliingiza watu 107,999. Storm na St George Illawarra, 20 kwa 18. Kwa hiyo tunajua kujaza.

Pili Brisbane. 2025 Lions walichukua wa AFL, na wiki iliyofuata Broncos wakachukua wa kwetu, 26 kwa 22 dhidi ya Storm. Mji uleule, mabingwa wawili, na hakuna aliyemmeza mwenzake. Hapo ndipo nataka kufika. Watu wa vyombo vya habari wanapenda kuita vita. Mimi naona ramani. Mwanahistoria mmoja wa Melbourne, Ian Turner, mwaka 1978 aliuchora mstari wa mzaha, akauita kwa jina la Ron Barassi, gwiji wa mpira wenu: unaanzia pwani ya kusini ya New South Wales, unapita Canberra, unapanda kaskazini magharibi kupita Broken Hill na Birdsville hadi Arnhem Land. Mashariki yake raga, magharibi yake mpira wenu. Miaka karibu 50 imepita, mabilioni yamemwagwa pande zote, na mstari umesogea kidogo sana. Storm wana ubingwa wa kutosha Melbourne, lakini pita Footscray uone watoto wangapi wana mpira wa raga mkononi.

Tatu, GWS Giants, timu ya AFL ya magharibi mwa Sydney. Waliletwa huku kwetu 2012, wakamnunua Israel Folau kutoka ligi kwa hela ya kutisha ili sisi wa magharibi tuwafuate. Kabla ya hapo hakuwahi kucheza AFL maishani. Akacheza msimu mmoja, akaondoka kwenda raga ya 15. Gold Coast Suns walifanya hivyo na Karmichael Hunt, na yeye angalau aliwahi kuwafunga Richmond kwa teke la baada ya king'ora. Kama AFL ilidhani tunafuata jina la mtu, haikutujua. Giants wamefika fainali 2019, Richmond wakawapiga kwa tofauti ya pointi 89, na siku ile nilipita Blacktown sikuona mtu mwenye huzuni. Nasema kama dereva: jezi za rangi ya chungwa huwa naziona, na zinaongezeka, hasa kwa watoto. Nikiwa na miaka mingine 30 ya kuendesha basi pengine nitakupa jibu tofauti. Lakini kumezwa? Bado.

Kitu kimoja ambacho AFL haitakipata hata kwa bilioni 40 ni State of Origin, mechi za Queensland na New South Wales. Julai 1980, uwanja wa Lang Park, Brisbane, Queensland walichoka kuona watoto wao wanakuja Sydney kutafuta hela kisha wanavalishwa jezi ya New South Wales kuwapiga ndugu zao. Ikaamuliwa kila mtu achezee alikotoka. Arthur Beetson, umri 35, wengi walidhani amekwisha, akaongoza Queensland kwa mara ya kwanza maishani, wakashinda 20 kwa 10. Katika mechi ile alimkaba Mick Cronin, mchezaji mwenzake wa Parramatta, bila huruma hata chembe. Usiku wa Origin barabara zangu zinakuwa tupu. Mechi tatu kwa mwaka, Jumatano. Anza na hiyo, Mama Zuhura. Huhitaji kuwa na klabu, unahitaji tu chuki ndogo na Queensland, na hiyo utaipata hapa bure.

MamaZuhura:

107,999? Fainali ya AFL ya 1970 iliingiza 121,696. Naomba tusiulize nani alishinda.

Namba11_Kushoto:

Carlton walishinda. Collingwood walikuwa mbele kwa pointi 44 wakati wa mapumziko.

MamaZuhura:

Nimesema tusiulize.

KipaMstaafu:

Wadau, mnagombania samaki wakati bahari yote ni ya soka. Pitieni bustani yoyote Jumamosi asubuhi, watoto wanacheza mpira wa miguu. Mwaka 2023 Matildas, timu ya taifa ya wanawake, walipowatoa Ufaransa kwa penalti 7 kwa 6, kila baa iliyokuwa ikionyesha AFL au raga iligeuza televisheni. Mama Zuhura, mpeleke binti soka, hagongwi kichwa.

MzeeWaParra:

Kipa, hilo la Matildas ni kweli tupu, hata mimi nilisimamisha chakula. Lakini niambie A-League, ligi yenu ya soka, ya wikendi iliyopita nani alicheza na nani. Bila kugusa simu. Ninyi mna watoto bustanini na hamna watu wazima uwanjani, na hilo mmeshindwa kulitibu tangu 2005.

Sasa binti, na hapa naacha utani. Wangu mkubwa alicheza raga ya ligi klabu ya mtaani hapa. Wadogo wanaanza kwa mchezo wa kuvuta utepe kiunoni, hakuna kuangushana, na kuna mashindano ya utepe mpaka ya watu wazima. Aanze hapo mwaka mmoja. Atajifunza kukimbia kwenye pengo na kupasi nyuma, na wewe utapata muda wa kuona kama anaupenda mchezo au anapenda marafiki. Kuhusu kichwa, usidanganywe na mtu yeyote kwamba mchezo wake ni salama. Ligi, raga ya 15, AFL, zote zina wachezaji wastaafu wanaosumbuliwa na ubongo. Muulize kocha wa klabu jambo moja kabla ya kulipa ada: mtoto akigongwa kichwa, nani anaamua atoke, na lini anarudi? Akijibu kwa kusitasita, chukua mkoba wako.

Na kama moyo wake uko kwa Collingwood, Auskick, mafunzo ya AFL ya watoto, ipo huku pia, na ligi ya wanawake ya AFL ilitutangulia mwaka mmoja, 2017 kwa 2018, tena ilianza na timu nyingi kuliko nne zetu. Hilo nawapa. Aliir Aliir wa Port Adelaide, aliyezaliwa kambini Kakuma, aliujua mpira wa AFL akiwa tayari kijana, Brisbane, kwenye mji wa raga. Mtoto hatazami mstari wa Barassi.

MamaZuhura:

Kakuma! Hilo nitamwambia leo. Basi tunaanza na utepe, na tiketi ya Origin nimeshaanza kuitafuta, ingawa bei zake zimenifanya nimuulize mume wangu mara mbili. Mzee wa Parra, mechi ijayo ya Eels hapa nyumbani nitakuja na Zuhura. Tukae upande gani, na ninaweza kuvaa skafu yangu ya Collingwood? Kuna baridi.

MzeeWaParra:

Kaa juu, nyuma ya magoli, upande wenye jua kama ni mchana. Kutoka kituo cha treni cha Parramatta mnatembea, msisumbuke na gari. Skafu iache nyumbani. Nyeusi na nyeupe huku ni rangi za wale Western Suburbs wa zamani, na kuna wazee bado wana deni nao. Nitakuletea ya bluu na dhahabu, ninazo za ziada, na ya mtoto ipo.

Namba11_Kushoto:

Ana za ziada kwa sababu hakuna anayezitaka tangu 1986.

MzeeWaParra:

Moderata, mtoeni huyu.